Tulipe Kwanza Yule Asiyepiga Kelele

Maneno ya mwenzetu mmoja mbele ya vijana, Goma, Novemba 2024



Waliponiomba niseme leo, waliniuliza nitasema juu ya nini. Nikajibu: madeni. Mwenzetu mmoja akacheka, akaniuliza, "Deni ya nchi?" Nikamwambia hapana, deni yangu miye. Akaacha kucheka, juu na yeye iko na yake.

Naanza na kitu ambacho wengi hamkijui. Mnakumbuka 2022, siku tulitoka na mabango kudai maji. Kuko picha yangu ya siku ile: niko mstari wa mbele, bango limefunika uso wote, mikono tu ndiyo inaonekana. Watu waliandika chini ya picha: "Nguvu, kamarade!" Wandugu, haikuwa nguvu. Ng'ambo ya barabara alisimama mtu aliyenikopesha feza. Nilikuwa najificha.

Njo maana nimesimama hapa leo bila bango. Mtu anayebadilisha njia kila siku ili asikutane na anayemdai, anaweza kweli kulia kwamba wakubwa watoe hesabu, lakini nusu ya sauti inabakiaga kooni. Mimi nilikaa hivyo karibu miaka miwili. Nataka kuwaeleza vile niliingia, vile nilianza kutoka, na kosa moja nililofanya hata wakati wa kutoka.

Sikukopa juu ya pombe wala nguo. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Nasema juu wengi wenu hadithi yenu inafanana na yangu. Papa yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni wale wanaoitwa nouvelle unité: anafundisha, dosiye yake iko, lakini mshahara wa serikali haujamfikia. Zamani tuliishi na prime ya wazazi. Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ikawa bure. Ni jambo jema, watoto wa majirani zetu waliokuwa wanazunguka barabarani waliingia darasani. Lakini kwa mwalimu ambaye hayuko kwenye listi ya malipo, prime ilikatika na mshahara haukuja. Nyumba yetu ikabaki kwenye mabega ya mama, anayeuza maharagwe.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Lava haikufika kwetu. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame, tukaenda Sake kwa miguu, godoro kichwani, kama mlivyofanya wengi. Tuliporudi, mlango wa depo ya mama ulikuwa umevunjwa na magunia yamekwenda. Oktoba mwaka ule nilikuwa naingia mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, na bila kulipa minervali, hakuna mtihani.

Basi nikaenda Banque Lambert.

Mnacheka juu mnaijua. Banque Lambert haina mlango, haina kibao, haina gishe. Ni mtu. Unamkuta kwake jioni, anakuhesabia noti mezani, na hakuulizi maswali mengi kama benki. Njo utamu wake. Mimi alinipa dola 250. Faida: asilimia 20 kila mwezi, ni kusema dola 50. Tuliandika karatasi moja tu, na ikabaki kwake. Kama rehani alichukua diplome d'État yangu, ile yenyewe, si kopi. Nilimwachia bila kufikiri. Nilijiambia: miezi mitatu tu.

Nililipa dola 50 kila mwezi, kutoka Novemba 2021 mpaka Julai 2022. Miezi tisa. Pigeni hesabu: dola 450. Nilikuwa nasoma uchumi, wandugu, na hesabu hiyo sikuipiga hata siku moja, juu niliogopa jibu lake. Ile 50 ilikuwa inakula faida peke yake. Ile 250 niliyopewa ilikuwa palepale, haijaguswa hata na senti.

Na 50 ya kila mwezi nilikuwa naitoa wapi? Kwa madeni mengine. Nilichukua dola 60 kwa rafiki yangu wa darasa. Nilimwambia ni za kuprinti kazi yangu ya mwisho, na nusu yake ikaenda kwa Lambert. Nilichukua dola 100 kwa baba mdogo, Butembo. Nilichukua dola 40 katika AVEC ya mama, na mama njo alisimama kama mdhamini. Na kwa sababu feza yote ilikuwa inaenda huko, chakula cha nyumbani nilichukua kwa deni ku butiki ya jirani: mchele nusu kilo, mafuta kidogo, sabuni, uniti za simu. Deni moja lilizaa mengine manne.

Julai 2022 nikatetea kazi yangu. Watu wakapiga makofi. Agosti nikaacha kulipa. Sikwenda kumwambia mtu yeyote kwamba nimeshindwa. Nilibadilisha namba ya simu. Rafiki yangu nilimfungia WhatsApp. Mbele ya butiki nikaacha kupita, nikawa nazunguka kupitia nyuma, kwenye mawe ya lava, hata usiku. Na kazi haikuja. Kila mahali nilipotaka kupeleka dosiye, wanaomba kopi ya diplome d'État iliyothibitishwa, na ili kuithibitisha lazima uonyeshe ile yenyewe. Ile yenyewe ilikuwa ndani ya sanduku la mtu. Kwa hiyo sikuwa na kazi ya kulipa deni, na juu ya deni sikuweza kuomba kazi. Nilikuwa shomeri mwenye shahada, niliyefungwa na karatasi moja.

Januari 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mapolisi wawili wakagonga. Mama njo alifungua. Yule papa alikuwa amekwenda kunishitaki, na OPJ akaandika kwamba ni escroquerie. Deni sasa lilikuwa dola 1,150: ile 250, na 50 ya kila mwezi kwa miezi 18 niliyokaa kimya. Nililala usiku mmoja katika kasho. Sitawaeleza kasho, kuko hapa wanaoijua kuliko mimi. Kesho yake mama akaleta dola 30, wakaniachia. Hakupewa karatasi yoyote. Na zile 30 hazikupunguza deni hata kidogo. Mwezi uleule vita vilikuwa vinasogea, na Februari barabara ya Minova ikafungwa. Maharagwe yakapanda bei. Dola 30 za mama zilikuwa feza ya kununulia gunia.

Baada ya hapo mkubwa wetu mmoja alinipeleka kwa avoka. Mjue kwamba Barreau iko na biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Nawaeleza alichoniambia, na msikilize vizuri, juu wengi wanafungwa kwa kutojua.

Kwanza, kushindwa kulipa deni peke yake si kosa la jinai. Congo iliingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na kipengele cha 11 kinasema hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu tu hawezi kutimiza alichoahidi katika mkataba. Escroquerie ni kitu kingine: ni pale ulipomdanganya mtu kwa hila, jina la uongo, biashara isiyokuwepo, ili akupe feza. Ukimpa mtu cheki isiyo na feza, hapo pia ni kosa. Na ukipewa feza ya kazi fulani ya mtu, tuseme akutume ununue mali yake, halafu ukaila, hiyo ni abus de confiance, usije ukajificha nyuma ya maneno yangu. Lakini aliyekopa kwa jina lake la kweli, akashindwa, ni mdeni. Hiyo ni kesi ya madai, na si ya kasho.

Pili, Code civil yetu, kitabu cha tatu, kipengele cha 131 bis, kinasema kama mkopeshaji alitumia shida, udhaifu ama ujinga wa mkopaji ili apate faida inayopita kabisa ya kawaida, juji anaweza kuishusha mpaka faida ya kawaida, mdeni akiomba.

Tatu, sheria za OHADA, ambazo nchi yetu iliingia 2012, zinasema mdeni hawezi kumlazimisha mtu apokee malipo nusunusu. Tusikie hiyo pia, haki haiko upande wetu tu. Lakini juji, akiangalia hali ya mdeni na mahitaji ya anayedai, anaweza kugawa malipo ndani ya mwaka mmoja, na anaweza kuamua kwamba kinacholipwa kikate kwanza feza yenyewe iliyokopwa, kabla ya faida. Mngelijua vile hilo neno la mwisho ni zito! Miezi tisa yangu ingelihesabiwa hivyo, mwezi wa tano nilikuwa nimerudisha 250 yote.

Nikamwuliza avoka, "Basi tuende mahakamani?" Akaniuliza niko na feza ya kesi, na niko na miezi mingapi ya kusubiri. Halafu akaniambia maneno niliyoyashika: "Sheria ikusaidie kusimama wima ukienda kuzungumza naye. Lakini enda uzungumze naye."

Usiku ule nilichukua daftari. Niliandika jina la kila mtu, tarehe, alichonipa, nilicholipa, na alichonitumia mara ya mwisho. Mkono ulitetemeka. Lakini nawaambia kitu: kabla ya kuandika, deni langu lilikuwa kubwa kama Nyiragongo. Nilipomaliza lilikuwa mistari mitano. Mistari mitano mtu anaweza kuitazama.

Halafu nikaangalia kinachoingia. Nasomesha watoto jioni katika nyumba tatu, kila nyumba dola 15 kwa mwezi. Dola 45. Nalala kwa wazazi. Hiyo njo ilikuwa nguvu yangu yote. Hapo nilijifunza jambo la kwanza la mapatano: usiahidi kile unachopata mwezi mzuri, ahidi kile unachoweza kutoa mwezi mbaya. Tunapenda kuahidi nyingi ili mtu atuachie siku ile. Ahadi ikivunjika mara moja tu, mlango unafungwa.

Mwanzo wa Februari nilimtumia yule papa ujumbe kwa namba yangu mpya. Mimi njo nilimtafuta. Nilikwenda na mzee mmoja wa mtaa anayeheshimiwa na sisi wote wawili. Tulimkuta anakula. Akatukaribisha, na tukala. Kwetu huwezi kugombana na mtu vizuri ukiwa umekula ugali wake, na nadhani mzee alilijua hilo alipochagua saa.

Nikatoa karatasi yangu, nikasoma kwa sauti: nilipokea 250, nililipa 450, tarehe hizi na hizi. Akaniuliza, "Na 1,150 yangu?" Nikamwambia: "Papa, nilikukosea. Nilikukimbia miezi 18 bila neno. Kwa hilo naomba radhi mbele ya huyu mzee. Lakini feza uliyonipa imerudi yote, na 200 juu yake. Na nimelala kasho. Ile 1,150 sitaipata, na tukifika mbele ya juji atauliza hii asilimia 20 ya mwezi ilitoka wapi. Nimekuja tumalize sisi wenyewe."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Unafikiri ile feza ni yangu? Kuko mama watatu waliniwekea. Ulipokimbia, miye njo walikuwa wananigongea." Sisemi yeye ni malaika. Alinipeleka kasho. Lakini siku ile niliona kwamba nyuma yake pia kuko watu.

Akasema 400. Mimi nikasema 100. Mzee akakata: "Iwe 150, dola 30 kila mwisho wa mwezi, mara tano. Mtoto aheshimu tarehe. Na weye, Papa, faida isimame leo." Tukaandika karatasi mbili zinazofanana, moja kwake, moja kwangu, na mashahidi wawili wakatia sahihi. Tukaandika wazi kwamba baada ya malipo ya tano hakuna deni tena na diploma inarudi. Kila malipo nilipeleka kwa simu ili ujumbe ubaki, na picha ya ujumbe nikaituma kwa dada yangu, juu simu inaibiwaga.

Wengine wananiambia: "Ulikuwa umelipa zaidi ya deni, kwa nini ukaongeza 150?" Juu nilitaka karatasi yangu. Juu kesi ingelikula zaidi. Na juu nilitaka kupita ile barabara. Anayetaka kwenda mpaka mwisho na sheria, ni haki yake, na tutamsindikiza. Mimi nilichagua hivi.

Aprili mzazi mmoja alichelewa kunilipa. Zamani ningezima simu. Safari hii nilimpigia papa siku mbili kabla ya tarehe, nikamwambia nitachelewa siku tano. Akasema, "Vizuri umesema." Ni hivyo tu. Mei kukatokea nafasi ya kazi, wanaomba kopi iliyothibitishwa. Nikamwomba aniazime diploma asubuhi moja. Akakubali, lakini akamtuma kijana wake anifuate. Tulikwenda biro mimi, diploma, na mlinzi wa diploma. Kazi sikuipata. Lakini tulicheka sana njiani.

Mwisho wa Juni nikalipa ya tano. Akaenda chumbani, akarudi na diplome d'État yangu ndani ya plastiki. Ilikuwa safi kuliko vile ningeliitunza mimi.

Hapo mngelipiga makofi na mimi ningelikaa. Lakini niliahidi kuwaeleza kosa langu.

Rudini nyuma kidogo, Machi. Nimelipa mara ya kwanza, mwezi wa kwanza. Nikajisikia mtu. Nikasema leo napita mbele ya butiki, nimwambie mama yule asubiri kidogo, nimalize na huyu mkubwa kwanza. Nikafika. Butiki imefungwa. Mbao zimeng'olewa. Yule mama alikuwa ameketi kando ya barabara na kameza kadogo: nyanya, vitunguu, ndizi.

Nikamsalimia. Nikaanza kuomba radhi, nikasema sana, maneno ya chuo kikuu. Akanikatiza polepole: "Mwanangu, miye sikukuitaga. Nilijua siku utapata, utakuja."

Wandugu, sentensi ile ilinipiga kuliko kasho.

Akatoa daftari. Majina 16. Langu lilikuwa la nne: franka 84,000. Hakuna deni hata moja pale lililokuwa kubwa. Watu 16 tulikula butiki nzima, nusu kilo kwa nusu kilo. Majina tisa niliyajua. Wawili kati ya wale tisa wameketi humu ndani jioni hii. Sitawataja. Wanajijua.

Basi nikajiuliza: kwa nini niliandika mstari wa Lambert kwanza? Juu ananitisha. Juu iko na polisi. Yule mama hakunigongea mlango, hakunitukana, hakunipeleka popote, na malipo ya wema wake yalikuwa kuwekwa mwisho wa listi. Sisi tunaosema tuko upande wa wanyonge, tunalipaga anayepiga kelele, na mnyonge tunamwambia asubiri. Je, si vile serikali inamfanyia papa yangu? Anayeweza kufunga barabara analipwa, mwalimu anayenyamaza na kuingia darasani anaambiwa mwezi ujao.

Siku ile nilibadilisha daftari. Dola 45, nikitoa 30 za mapatano, inabaki 15. Nikasema 14 ni za mama wa butiki. Na hapa kuko hesabu moja ya haki, vijana, mnisikilize. Nilikula vitu vyake 2022, dola moja ikiwa karibu franka 2,000. Deni langu lilikuwa kama dola 42. Mwaka huu wa 2024 dola ilifika karibu 2,800. Ningelimrudishia zile 84,000, ningelimpa dola 30 tu. Daftari lingelisema nimelipa. Lakini yeye mchele anaununua kwa dola. Nikamlipa dola 42, mara tatu, 14 kwa 14, Machi, Aprili na Mei. Miezi ile mitatu sikununua mega, nilikuwa nasoma ujumbe wenu kwenye simu ya dada yangu. Sasa mnajua kwa nini nilikuwa kimya kwenye kundi.

Butiki haijafunguka. Dola 42 hazifungui butiki. Ile kameza imeongezeka meza ya pili, mchele umerudi kidogo. Wengine 15 wangelikuja, ingelikuwa hadithi nyingine.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Baba mdogo nilimpigia Butembo. Akasema, "Mimi usinilipe. Hiyo 100 ulipie dada yako shule." Tukakubaliana hivyo, na nimemtumia ujumbe wa maandishi ili isisahaulike: deni limehamia kwa dada, halijafutika. Rafiki yangu nilimfungulia WhatsApp, nikaomba radhi kabla ya kutaja feza. Akaniandikia: "Feza nilishaisahau. Vile ulinifungia simu, njo sikusahau." Nikamlipa 15 Juni. Likizo sikuwa na wanafunzi, nikamwambia mapema, akangoja. Septemba 15, Oktoba 15. Mwisho wa mwezi huu namaliza.

Mnaona, kila mmoja alitaka kitu tofauti. Mmoja alitaka tarehe. Mmoja alitaka feza yenye thamani ileile. Mmoja alitaka dada asome. Mmoja alitaka nimheshimu kama rafiki. Ukijificha, huwezi kujua mtu anataka nini. Unabaki unapigana na kivuli.

Sitaki mtoke hapa na maneno mazuri tu. Naomba vitu vitatu.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, andika. Jina, ulichopewa, ulicholipa, tarehe. Faida iandike kwenye mstari wake peke yake, usiichanganye na feza yenyewe.

Wiki hii, enda kwa mtu mmoja. Usianze na anayekutisha. Anza na yule ambaye hajawahi kukuita. Hata kama uko na franka 2,000 tu mfukoni, mpelekee na tarehe ya kweli. Na usikope kwingine ili umlipe, juu hapo unachimba shimo la pili ili kufukia la kwanza.

Cha tatu ni kwa sisi wote kama kundi. Hakuna aende peke yake kwa Banque Lambert, wala kwa OPJ. Tuko na wenzetu waliosoma sheria, tuko na wazee wanaotuheshimu. Napendekeza tuwe tunasindikizana wawili wawili: mmoja mdeni, mmoja shahidi. Mimi niko tayari Jumamosi hii. Na anayefikiria kukopa leo, apite kwanza AVEC ama MUSO ya mtaa wake. Huko pia kuko faida, lakini inabaki ndani ya kasha, na mwisho wa mwaka wanagawana wanachama wenyewe. Ila ukishindwa huko, ujue wanaoumia ni jirani zako. Mimi najua, juu zile dola 40 za AVEC walizikata kwenye sehemu ya mama yangu. Alifanya akiba mwaka mzima, siku ya kugawana akapokea mkono mtupu kwa jina langu. Hakuniambia. Nilisikia kwa mama mwingine.

Kwa hiyo hesabu yangu ya leo ni hii. Niko bado shomeri. Nadaiwa dola 15 na rafiki. Nadaiwa dola 70 na mama yangu: 40 za AVEC na 30 za kasho. Yeye pia hapigi kelele, na ona, hata baada ya kujifunza yote haya, nimemweka mwisho. Ameketi pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Mama, nimeandika tarehe. Kuanzia Desemba, 15 kila mwezi mpaka iishe, na wote hawa ni mashahidi.

Papa bado anangoja mshahara wake, na siku tutatoka tena kuudai, mtanikuta mstari wa mbele. Safari hii bango nitalishika chini ya kidevu.

Mapambano yanaendelea.